Jeupe au la Kijani

Gereji ya Fundi Ignas,
Utemini,
S.L.P. 41,
Singida.

14 Desemba, 1968

Mpendwa Kaka Alphonce,

Shikamoo. Itikia kwanza ndipo uendelee kusoma, maana nasikia huko Ndola mtu akishaota kitambi haitikii tena shikamoo za wadogo zake. Umeitikia? Haya.

Hujambo wewe? Shemeji Esta hajambo? Na yule mtoto mliyempa jina la baba bila kumwonyesha baba, ameshaanza kutembea? Sisi huku ni wazima wa kusimama. Mama anakula kidogo na kulala kidogo. Shangazi Febronia miguu imevimba lakini mdomo uko imara. Mimi mzima kama chuma. Uliza mtu yeyote hapa mjini nani anabadili gia bila gari kujua kwamba gia imebadilishwa, utaambiwa Laurian. Fundi Ignas mwenyewe, aliyenifundisha, bado gari linamshtukia.

Telegramu yako tumeipata. Karani wa posta alinisomea kwa sauti mbele ya watu kana kwamba mimi sijui kusoma, nami darasa la sita nililimaliza, ila la saba ndilo lililonikataa. POLENI MSIBA. NITAKUJA GARI LIKIWA TAYARI. LIPI. Maneno saba. Nilipanda baiskeli hadi Ihanja nikamsomea mama, akataka nirudie, nikarudia, akataka tena. Mara ya tatu akauliza, "Hiyo lipi ndiyo nini?"

Nikamwambia, "Ni swali, mama. Anauliza gari lipi."

Akasema, "Ahaa," akaendelea kupepeta uwele.

Basi nakujibu, kaka. Lakini jibu la gari na habari ya baba vimefungana kamba moja, siwezi kuvuta kimoja kingine kikabaki. Vumilia.

Kwanza magari. Barua yako ya mwezi wa kumi ilisema nikukagulie yale mawili yasiyo na paa aliyoyasikia rafiki yako dereva wa lori, nikwambie lipi la kukufaa. Rafiki yako hakudanganya. Yote mawili yako hapa gerejini, bega kwa bega, yanauzwa na wenyewe wanaorudi kwao. Moja ni la yule Mgiriki wa mgodini, la Kijerumani, jeupe, viti vya ngozi nyekundu, turubai jeusi la kukunja nyuma. La pili ni la daktari mmoja Mwingereza, la kijani, magurudumu yake yana spoku kama ya baiskeli, na dashibodi ni ya mbao inayong'aa kuliko meza ya padri.

Ili uelewe haraka, mimi nimeyapa majina. Jeupe nimeliita Shangazi Febronia: zito, limetulia, linakunywa sana, na likishakaa barabarani halitikisiki. La kijani nimeliita Shangazi Yustina, Mungu amrehemu: zuri mpaka unasahau ulichokuwa unasema, asubuhi linakohoa, mchana linagombana na mtu, na popote linaposimama linaacha doa la oili. Kwa mbio, la kijani. Kwa kusikilizwa na wasichana wa hospitali wakati linapita, la kijani. Kwa mlima wa mawe, mchanga wa Ihanja na kitambi chako, jeupe.

Hayo yote niliyajua Jumamosi ile tarehe ishirini na tatu Novemba. Niandike vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Baba alikuwa ametuma neno kwamba Jumamosi hiyo niende nyumbani tupandishe udongo juu ya tembe kabla mvua haijakaza. Unaijua kazi ile, wewe ndiye uliyekuwa unaifanya. Ulipoondoka nikairithi mimi: kufagia nyasi zilizoota darini, kuziba nyufa, kukanyaga udongo mpya, kugonga boriti moja moja usikie ipi imeliwa na mchwa. Miaka tisa sijakosa. Mwaka huu nilimjibu baba kwamba nitakuja Jumamosi inayofuata, nina kazi ya kaka.

Kazi ya kaka ilikuwa hii: nililitoa la kijani asubuhi, nikaenda nalo mpaka njia panda na kurudi. Mchana nikalitoa jeupe. Saa kumi nikaona haitoshi, nikalirudia la kijani, kisha nikakaa kufungua na kufunga maturubai yote mawili nione lipi linavuja, nikiyamwagia maji kwa ndoo. Nilifurahi siku ile, kaka. Sitakudanganya. Nilivaa miwani ya Mgiriki aliyoisahau kwenye gari.

Saa hiyohiyo ninayomwaga maji juu ya turubai, baba alikuwa amepanda juu ya tembe peke yake. Boriti ya katikati ilikuwa imeliwa. Ikakatika, akashuka ndani na paa zima juu yake, udongo na yote.

Usije ukadhani nakutupia wewe. Gari lilikuwa lako, lakini makalio yalikuwa yangu.

Walimleta hospitali ya mjini kwa lori la mahindi. Alikaa siku nne. Kiuno kilikuwa kimevunjika na kifua kimeingia ndani, lakini akili alikuwa nazo zote, na utani wake pia. Siku ya nne akaniuliza, "Lile gari la mkubwa wako, umeshalichagua?"

Nikasema bado, baba, ni mawili.

"Lipi lina paa?"

"Yote hayana, baba. Ndiyo namna yake."

Kaka, baba alicheka. Alicheka mpaka nesi akaja kunifokea mimi, akidhani ninamtesa mgonjwa. Baba akashika kifua chake hivi, akasubiri maumivu yapite, ndipo akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Aliyasema kwa Kinyaturu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu sijui kuiandika, na wewe nasikia umeshaisahau.

Alisema, "Siku ile anaondoka nilimwambia asirudi kwangu mpaka arudi na paa lake. Nilikuwa na maana ya nyumba. Ajenge, aoe, awe mtu. Na miaka tisa yote hii amekaa huko anatafuta magari yasiyo na paa! Mwandikie. Mwambie paa la baba yake limeanguka, kwa hiyo lile neno nalo limeanguka. Aje tu. Aje hata kwa miguu."

Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Andika, usije ukaandika habari zako mwenyewe." Ananijua.

Kesho yake alfajiri akafariki, tarehe ishirini na nane. Nilikuwa nimekwenda kununua chai.

Sasa, kumpeleka nyumbani. Gari la hospitali lilikuwa limelala, lori la mahindi lilikwishakwenda Manyoni, na gari la mizigo la gereji yetu lilikuwa juu ya mawe halina giaboksi, nami ndiye niliyeitoa. Jeneza likatoka kwa seremala wa misheni saa tatu. Fundi Ignas akasimama uwanjani akitazama yale mawili yasiyo na paa, akanitazama mimi. Akasema, "Laurian, lete kamba."

Tukapima jeneza kwa kamba. Tukaenda la kijani kwanza, kwa sababu ndilo nililokuwa nimekuchagulia, nikwambie ukweli. Tayari nilikuwa na barua yako nusu, imejaa spoku na mbao za dashibodi. Kamba ikagoma. Ukiweka kichwa mbele, miguu inabaki nyuma hewani kama mtu anayeshuka basi kabla halijasimama. Ukigeuza, gia haiingii. Tukaenda jeupe. Fundi akalala chini, akafungua boliti nne, akakitoa kiti cha abiria, tukalaza kamba kutoka kwenye dashibodi mpaka juu ya turubai lililokunjwa. Ikatosha. Ikabaki na nafasi ya kiganja.

Mgiriki alikuwa amekuja kuchukua miwani yake. Akaona, akavua kofia. Hata miwani hakuiuliza.

Basi niliendesha mimi. Baba kushoto kwangu, Shangazi Febronia nyuma amejibana pembeni ameshika jeneza kwa mikono miwili, na mama alitangulia na baiskeli ya katekista, amekaa kwenye keria. Gia ya pili njia nzima. Nataka ujue kwamba hakutikisika. Kila shimo la barabara ile nalifahamu, nami nililikwepa, na pale pasipokwepeka niliingia taratibu, gurudumu moja moja. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile na sidhani nitaendesha tena.

Watoto wa vijijini walipoona gari halina paa wakajua ni kiongozi anapita. Si umeona picha za viongozi wamesimama kwenye gari la wazi? Wakatoka mashambani wakikimbia, wanapiga makofi, "Uhuru! Uhuru!" Shangazi akaniambia, "Wapungie, si vizuri kunyamaza." Nikawapungia. Baba amekwenda kaburini anashangiliwa, kaka. Hata wewe na kitambi chako hutashangiliwa hivyo.

Tulipobakiza kama maili nne mvua ikaanza. Turubai lile nililolipima kwa ndoo, lisilovuja hata tone, halikuweza kufungwa kwa sababu jeneza lilikuwa limelala juu yake. Shangazi akafungua khanga yake moja, akaitandaza juu ya baba, tukaendelea.

Nyumbani walikuwa wamesafisha upande ulioanguka, lakini nusu ya tembe imebaki wazi, unaona mbingu ukiwa ndani. Nilisema, jamani, hata nyumba yetu sasa ni gari la starehe. Hakuna aliyecheka. Balozi wetu wa nyumba kumi, Melkizedeki, unamkumbuka, yule mliyekuwa mnaiba naye asali, siku hizi anavaa kalamu mbili mfukoni. Akazunguka gari mara moja, akanivuta pembeni. "Ndugu Laurian, hili ni gari la kibepari. Tangu Azimio watu wanauliza. Nitawaambia ni la nani?"

Kabla sijajibu, Mzee Petro Msukuma, yule mnunuzi wa ngozi, mtani wetu, akadakia, "Ni la marehemu! Mnyang'anye basi."

Na hapo ndipo utani ulipoanza. Baada ya kuzika, tulipotoka makaburini, tukamkuta Mzee Petro amevaa koti la baba na kofia ya baba, amekaa nyuma ya usukani. Anavuta usukani huku na huku, mdomo unanguruma injini. "Pisheni! Mimi Mughwai! Nilikuwa na mtoto Ndola, nakwenda kumtafuta. Kule nasikia watu wanalala ndani ya magari, nyumba hawana!" Alimwiga baba mpaka kile kikohozi chake kabla ya kusema neno kubwa. Watu wakaanza kucheka mmoja mmoja. Mama naye akacheka, akajifunika uso na khanga, mabega yanatikisika, na sikujua tena kama ni kicheko.

Mimi sikucheka. Wala sikulia. Mpaka leo sijalia, kaka, hata tone. Usidhani najisifu, ingawa ninajua kujisifu. Mikono inafanya kazi, mdomo unatania kama unavyousikia, lakini ndani ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unaupiga, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Fundi anasema ganzi ikitoka ndiyo huuma. Nasubiri.

Nifupishe, karatasi inakwisha. Mzee Petro aliposhuka alichomoa ufunguo, akautia mfuko wa koti la baba, na koti akaondoka nalo. Tukamwomba. Akakataa kitani: "Huu haukombolewi na huyu mtoto wa gereji. Atakuja kuukomboa mzaliwa wa kwanza, kwa mkono wake, na mbuzi wake." Tukampelekea pombe, akainywa, akakataa tena. Mjomba akajaribu kumkaripia, akaambiwa anakaripia maiti. Hakuna njia, unaijua desturi. Mali iliyokamatwa na mtani msibani haitoki kwa hasira.

Kwa hiyo gari unalolisubiri liwe tayari ndipo uje, liko Ihanja, uani kwetu, na haliwezi kuondoka mpaka uje. Umeona mchezo huo? Baba mwenyewe asingeupanga vizuri zaidi.

Mimi fundi. Naweza kuliwasha bila ufunguo kwa waya mbili na dakika moja, na Mgiriki akiuliza nikamrudishia. Sitafanya. Fundi Ignas amezungumza naye, amekubali kungoja mpaka mwisho wa Januari, baada ya hapo anapanda meli. La kijani limekwishachukuliwa na mfanyabiashara wa Dodoma. Liliondoka likikohoa.

Na boriti ya katikati. Wazee wamekata mti mpya, mgumu, umelazwa pembeni ya ukuta. Vijana wanne walikuja juzi kuupandisha. Mama akasimama mlangoni akawaambia wapumzike wanywe uji. Walipokwisha kunywa akawaambia warudi makwao. Hasemi kwa nini, lakini kila mtu anajua boriti ya katikati hushikwa kwanza na mtoto yupi wa marehemu. Mvua inanyesha karibu kila siku. Analala upande uliobaki, kwenye kona, na ndoo tatu. Nimemwambia akae ndani ya gari mvua ikizidi, turubai sasa linafungwa vizuri. Amesema hawezi kulala ndani ya kitu kilichokamatwa. Ila kile kiti chekundu cha abiria, nilichokileta kwa baiskeli ili nikifunge, amekichukua. Amekiweka mahali pakavu, anakikalia akichambua mboga, na nilipojaribu kukirudisha garini alinitazama tu. Boliti zake nne ninazo mfukoni.

Basi jibu la telegramu yako ni hili. Lipi? Jeupe. Si kwa sababu ya injini wala viti. Nimelichagua kwa sababu baba alitosha.

Lakini usilingoje. Panda basi la Mbeya, panda treni, panda lolote mpaka hapa Singida, nitumie neno siku ya kufika. Najua ulitaka nikupokee na gari, uingie Ihanja umekaa, watu wakuone. Nitakupokea, nimekwishajaza upepo na kukaza cheni. Utakaa nyuma kwenye keria na kitambi chako, mimi nitapiga pedali, na tukichoka tutasukuma. Ni baiskeli ya katekista, kaka. Nayo haina paa.

Mama anakusalimu sana, anasema Esta aje na mtoto, asiachwe. Shangazi Febronia anasema ameshaisamehe ile habari ya gari kupewa jina lake, ila yeye hanywi kiasi hicho. Mjomba anakusalimu, Fundi Ignas anakusalimu, Melkizedeki anauliza kama unakumbuka asali. Mzee Petro hakusalimu, anasema anakungoja.

Mungu wa baba yetu akufungulie njia na akufunike mpaka tutakapokufunika sisi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, dereva wa baba,

Laurian Mughwai